Bangili ya Mwanamkuu

Katika duka la Mzee Harilal, Mtaa wa Narung'ombe, kulikuwa na neno ambalo halikusemwa upande wa kushoto wa kaunta. Upande wa kulia, zilikopangwa khanga, vitenge na vitambaa vya sare za shule, ulilisema kila dakika mpaka mdomo ukauke: karibu tena. Upande wa kushoto, lilikokaa jora la bafta nyeupe, hukulisema. Mtu akishanunua sanda unamwambia, "Mungu awape subira," unamkabidhi kifurushi kwa mikono miwili, basi. Kumkaribisha tena ni kumwitia msiba wa pili.

Chiku alilijua hilo tangu wiki yake ya kwanza, na mwaka ule wa mgawo mkubwa wa umeme alikuwa anatimiza miaka tisa kwenye kaunta ile. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini vipimo vya sanda alikuwa navyo kichwani. Mwanamume vipande vitatu, mwanamke vitano, mtoto viwili. Hakuna kupatana bei, hakuna kuuliza alikufa na nini. Unakata ncha kwa mkasi, kisha unachana kwa mkono moja kwa moja, maana bafta ukisita inakwenda upande. Watu wa Kariakoo walimwita Chiku wa Sanda, naye hakuona kama ametukanwa. Alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema. Mteja akiingia tu, kabla hajafungua mdomo, Chiku alishajua kama ni wa kulia au wa kushoto.

Kwa Eliasi tu ndipo alipokosea.

Aliingia asubuhi moja, umeme umeshakatika, majenereta yote ya barazani yananguruma na moshi umetanda mpaka kwenye khanga. Kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, faili kwapani, anatabasamu. Chiku alimwelekeza kulia.

"Karibu kaka. Sare za shule au za ofisi?"

"Hapana, dada. Nataka bafta."

Chiku akahamia kushoto, akatoa uso wa biashara. "Pole sana. Ni mwanamume au mwanamke?"

"Wote," Eliasi alisema. "Nimeambiwa hapa kuna dada anayejua vipimo. Ni makaburi sitini na moja."

Mzee Harilal aliyekuwa amekaa nyuma na gazeti lake la Kigujarati alivua miwani. "Ajali ya wapi hiyo, kijana? Mbona redio haikusema?"

"Shikamoo mzee. Hakuna ajali. Hao walizikwa zamani. Sisi tunawahamisha tu."

Akaeleza, huku anapandisha sauti juu ya kelele za jenereta. Yeye ni karani wa kampuni ya umeme wa upepo. Huko Singida, juu ya mlima, kuna upepo usiolala. Watasimamisha nguzo ndefu kuliko ghorofa lolote la Kariakoo, juu yake mapanga matatu yanazunguka, na umeme unashuka kwenye waya mpaka gridi ya taifa. Barabara ya kupandishia vyuma hivyo inapita kwenye makaburi ya kijiji. Kampuni inataka kuwahamisha marehemu kwa heshima, kila mmoja na sanda mpya.

Mbaruku, jirani wa duka la redio, alikuwa amesimama mlangoni na dumu la petroli mkononi. Hakuacha neno lipite.

"Umesema umeme wa nini? Upepo? Mzee Hari, huyu mtu apewe kiti! Apewe chai! Kaka, lini? Mimi nakunywa moshi hapa tangu Januari, nikikohoa nakohoa petroli."

"Mambo yakienda sawa, miaka mitatu."

"Miaka mitatu!" Mbaruku aliinua dumu. "Basi nitakapokufa mniwekee feni kaburini." Akaenda zake akicheka peke yake.

Eliasi akasukuma karatasi mbele ya Chiku. "Hii hapa orodha. Mkubwa, mdogo, mwanamume, mwanamke, vyote vimeandikwa. Nipigie hesabu ya mita."

Chiku alichukua penseli akainama. Juu ya karatasi paliandikwa kwa herufi kubwa: MAKABURI YA KIJIJI CHA MGUNGANI. Penseli ikasimama.

Mgungani ni kwao.

Alishuka na mstari mmoja mmoja, kidole chini ya jina, kama alivyofundishwa darasa la kwanza. Namba tatu ni babu yake. Namba nne ni bibi. Namba tisa, Ramadhan, mtu mzima, mwanamume. Aliyejitokeza, Abubakary Ramadhan, mtoto wake. Huyo ni baba. Abubakary ni mdogo wake, na jina lake lilimpa Chiku nafuu kidogo. Angalau baba ana mtu. Akaendelea kushuka. Namba kumi na saba, mtoto mchanga. Kwenye safu ya jina, hajulikani. Kwenye safu ya aliyejitokeza, mstari mtupu. Ishirini na mbili, mtoto mchanga, hajulikani. Thelathini na nane. Arobaini.

Wanne. Alirudi juu, akashuka tena. Jina alilokuwa analitafuta halikuwepo.

"Hawa wasiojulikana," aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimfikia kutoka mbali, "mnawafanyaje?"

"Hao hawana mtu. Mkutano wa kijiji tuliitisha mara mbili, hakuna aliyesimama. Hao wanne tutawaweka kaburi moja, bila jina."

"Mpaka lini mtu anaweza kusimama?"

"Kazi inaanza Jumatatu ijayo. Ijumaa nakuja kuchukua mzigo." Eliasi aliangalia saa. "Kuna tatizo, dada?"

Chiku alimaliza hesabu. Aliikunja orodha, akamrudishia kwa mikono miwili, na kwa kuwa kichwa chake hakikuwa dukani, mdomo wake ukasema wenyewe:

"Karibu tena."

Mzee Harilal aliangusha miwani juu ya gazeti. "Chiku!" alisema.

Lakini lilikuwa limeshatoka.

*

Miaka saba nyuma Chiku alikuwa na mimba ya kwanza. Kwa desturi ya kwao, uzazi wa kwanza mwanamke anarudi kujifungulia kwa mama yake. Alipokwenda kuaga dukani, mke wa Mzee Harilal, jina lake Ila, wakati huo bado yuko hai, alimfunga kwenye leso bangili ndogo ya shanga nyeusi, kila baada ya shanga tatu moja ya rangi ya dhahabu, ile ambayo Wahindi huwavisha watoto wachanga kuzuia jicho baya. "Mvishe mkono wa kushoto," alimwambia. "Usimvue mpaka aanze kutembea."

Mtoto alizaliwa Mgungani, wa kike. Hamis, mumewe, alituma barua na kondakta wa basi kwamba aitwe Mwanamkuu, jina la mama yake mzazi, mtu wa Pwani asiyewahi hata kuiona Singida. Mwanamkuu aliishi siku kumi na tisa. Homa ilianza jioni, alfajiri ikamaliza.

Chiku alikuwa ndani ya arobaini yake, hakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Na hata asingekuwa ndani, kwao wanawake hawaendi makaburini. Baba alipokuja kumchukua mtoto alitaka kuvua bangili; maiti haendi na pambo. Chiku, ambaye tangu utoto hakuwahi kumbishia baba yake, aliukamata ule mkono mdogo akasema: "Msimvue." Alisema mara nyingi, hakumbuki ngapi. Mwishowe baba akateremsha kitambaa juu ya mkono na bangili yake, akatoka.

Hilo ndilo alilokuwa nalo. Hakuwa na picha, na kaburi hakuwahi kuliona. Alikuwa na ahadi moja tu, kwamba kule aliko, hajavuliwa.

*

Hamis alikuwa na masanduku ya barafu pale Feri. Wachuuzi wakishanunua samaki mnadani, humletea awahifadhie mpaka wapate gari. Mwaka ule barafu yenyewe ilikuwa ya kusaka. Mashine zinasimama umeme ukikatika, na samaki hawasubiri. Chiku alimkuta anamwagia maji ya baridi boksi la changu waliokwisha kulegea macho, huku mwenye samaki anamsimamia kichwani.

"Hamis, hawa wakioza nakula nyama yako!"

"Nile tu, bibie, ila nikaange na ndimu."

Alipomwona mkewe aliacha kucheka. Tumbo la Chiku lilikuwa la miezi saba, na katika miaka saba hii ndiyo mimba pekee iliyovuka mwezi wa nne. Alimvutia ndoo iliyogeuzwa akamketisha kivulini. Chiku akamweleza, na alipofika kwenye zile namba nne akaacha.

"Kwa hiyo unataka nini?" Hamis aliuliza taratibu.

"Nataka kwenda."

"Na hilo tumbo? Basi la kutwa nzima, kisha ule mlima? Ukifika utaingia makaburini na mimba, wazee wa kwenu wakuache? Chiku, unataka tupoteze wawili?"

"Ni mtoto wako, Hamis. Watamchanganya na wengine kama viazi."

Hamis alitazama mikono yake, imejaa magamba. "Mimi sikumwona," alisema. "Nilifika siku ya tano, mmeshamaliza kila kitu. Nikilala namtafuta uso, siupati. Wewe una cha kulilia. Mimi nina jina la mama yangu tu." Akabandua gamba moja kwa ukucha. "Na nikuambie ukweli, usinichukie. Niliposikia redioni habari za huo upepo nilifurahi. Hautoi moshi, haumwagi sumu baharini. Nikasema, Mungu ametukumbuka watu wa barafu. Sikujua kama unapita juu ya mwanangu."

Chiku hakumchukia. Ingekuwa rahisi kama angeweza.

*

Kumpata Abubakary kwenye simu ilibidi apande mlimani, maana kijijini mtandao haukushika. Walipatana kwa ujumbe kwamba Jumatano saa nane mchana awe juu, na mama awe naye. Chiku alikaa stoo kwa Mzee Harilal, katikati ya majora, simu ameibana sikioni. Upande wa pili upepo ulivuma kwa nguvu hivi kwamba maneno yalikuja vipande vipande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tumbo linaendeleaje? Unakula?"

"Nakula, mama. Mama, Mwanamkuu mmemwacha hajulikani."

Mama aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Wanawake tulikaa nyuma kwenye mkutano," mama alisema. "Wanaume ndio walioitwa waende wakaonyeshe. Mimi ningeonyesha nini? Sijawahi kukanyaga kule. Nilikuja kujua walipokwisha kupaka makaburi namba za rangi nyekundu. Watu hapa hawasalimiani, Chiku. Waliopata kazi ya ulinzi wanasema tunawachelewesha, waliozuiwa malisho wanasema wale wameuza kijiji. Na waya wenyewe unapita juu, hapa hautui. Sasa niambie wewe uliye Dasalama: huo upepo wakishauchukua, sisi mtama tutapepeta na nini?"

Chiku hakujua acheke au alie. "Upepo hauishi, mama."

"Hata msitu walisema hauishi."

"Mama, baba alimweka wapi? Waliokuwa naye kuna aliye hai?"

"Mmoja amekufa, mwingine alikwenda machimboni hajarudi. Lakini baba yako aliniambia usiku ule." Sauti ya mama ilikaa sawa, kama mtu aliyelitunza neno kwa ajili ya siku hiyo. "Alisema hakutaka apotee. Alichukua lile jiwe la kusagia la bibi yako, lililopasuka, lenye bonde katikati, akamwekea kichwani. Alisema, akija mama yake siku moja atalijua hata akiwa kipofu."

Chiku alisimama katikati ya majora. "Basi lipo! Abubakary! Abu, umesikia? Tafuta jiwe la bibi. Kwenye zile namba nne, lenye jiwe la kusagia ndilo la Mwanamkuu. Wewe huwezi kulikosea, tumesagia hilo jiwe utoto wote."

Zikasikika hatua juu ya changarawe.

"Abu?"

"Dada." Alikuwa amesogea kando, upepo ulikuwa umepungua. "Mwaka juzi walikuja kusimamisha mlingoti wa kupimia upepo. Unashikiliwa na waya kila upande, na kwenye kila waya walitaka rundo la mawe. Walichukua vijana ishirini, kibarua cha wiki mbili. Na mimi nilikuwemo."

"Sawa. Halafu?"

"Tulikusanya mawe yote ya karibu. Yale ya makaburini yalikuwa tayari yamelala tu, dada, hayana alama, sisi tukaona ni mawe. Mwaka ule wa msiba mimi nilikuwa mbali nachunga ng'ombe, sikuwepo. Hakuna aliyeniambia." Alivuta pumzi. "Lile la bibi nakumbuka nililibeba. Nililijua. Nikasema, lo, jiwe la bibi limefikaje huku? Nikacheka, nikawaonyesha wenzangu. Nikaliweka kwenye rundo. Liko hapa, nimelikalia sasa hivi."

Chiku alisikia mama anauliza pembeni, "Anasemaje? Amefurahi?"

Angeweza kumtukana. Alimlea mgongoni huyu. "Ulilichukua kutoka wapi, Abu? Jaribu kukumbuka."

"Najaribu tangu siku uliponitumia ujumbe, mama aliponiambia habari za jiwe, dada, sipati. Nikisema upande wa ule mti wa mgunga, nitakuwa nakudanganya ili ulale."

*

Mzee Harilal alimkuta stoo amekaa chini, simu imekwisha salio. Alileta chai kwa mkono wake, jambo lisilowahi kuonekana dukani mle, akaketi juu ya jora la drili na kusikiliza yote.

"Sisi tunachoma maiti," alisema mwishowe. "Mke wangu Ila nilimpeleka baharini na Bhavin, mwanangu, tukamwaga majivu, yakaenda. Nilisikia vibaya siku ile. Nikasema, hata pa kuweka ua sina. Leo naona hakuna serikali wala kampuni itakayoniambia nimhamishe." Alikunywa chai yake. "Lakini wewe ulimzika kwa desturi yenu, na haki yako ni ajulikane. Ile bangili ulimwachia?"

Chiku aliinua kichwa.

"Shanga zile ni za kioo," Mzee Harilal alisema. "Nguo inaoza, uzi unaoza. Kioo hakiozi. Waya wake Ila mwenyewe aliuchagua wa shaba. Miaka saba si kitu kwa shaba."

Chiku aliyageuza maneno hayo kichwani usiku kucha, akayageuza tena asubuhi, na kila alipoyageuza yalimpa tumaini. Ijumaa alijichania mwenyewe vipande vya watoto. Vipande viwili mara nne, vyote sawasawa, maana hakujua kipi kitakwenda kwa nani, na hakutaka hata mmoja apate pungufu. Tumbo liligonga kaunta kila alipovuta. Mbaruku alikuja mlangoni na mzaha wake mdomoni, akamwona, akarudi nao.

Eliasi alipofika, Chiku alimwambia kila kitu kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ushahidi. Eliasi alikaa kwenye kiti cha wateja, faili magotini.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Sikuwa na neno."

"Dada, fomu inataka namba moja. Siwezi kuandika mtu mmoja kwenye makaburi manne."

"Usiandike sasa. Mkifungua, tazameni. Mtakapoona bangili, shanga nyeusi tatu, ya dhahabu moja, huyo ni Mwanamkuu Hamis. Muandikeni. Itafuteni vizuri, kaka. Ni ndogo. Mchunge udongo kwa vidole, msitumie jembe."

Eliasi aliandika pembeni ya orodha, akamsomea: *Itafutwe bangili.* "Nitasimama mwenyewe," alisema, na Chiku aliyezoea kutazama watu aliona kwamba anasema kweli. Alimkabidhi mzigo kwa mikono miwili. Safari hii hakusema karibu. Alisema, "Mungu awape subira," na Eliasi, ambaye hakuwa na msiba, akaitikia amina.

*

Wiki tatu zilipita. Alirudi siku ya Jumamosi, mchana, duka limejaa mama za watoto wanaofungua shule. Alikuwa na tabasamu lile lile la siku ya kwanza, na uso wake umeungua kwa jua la mlimani. Chiku aliacha yadi za kaki kaunta, akaenda kushoto bila kuambiwa.

"Tumempata," Eliasi alisema.

Chiku alishika ukingo wa kaunta.

"Namba kumi na saba. Nilisimama mwenyewe, kama nilivyokuahidi. Tulichunga kwa vidole, sheikh wa kijiji yupo, mdogo wako yupo. Zile tatu, udongo mtupu. Hii ya kumi na saba, ikatokea. Mdogo wako alilia, dada, mpaka tukasimamisha kazi. Sheikh akakusanya udongo wa pale pale, akaufunga kwenye vitambaa vyako, akamzika pembeni ya babu yake. Ameandikwa kwenye saruji kabisa, Mwanamkuu Hamis. Na lile jiwe mdogo wako amelirudisha kichwani kwake, kalibeba kutoka kule juu peke yake, hakutaka kusaidiwa."

"Alhamdulillahi," Chiku alisema. "Alhamdulillahi. Kaka, Mungu akulipe."

"Na hii ni yako." Eliasi alifungua faili akatoa bahasha ndogo ya kaki. Juu yake paliandikwa kwa kalamu nyekundu: 17. "Weka sahihi hapa chini."

Chiku aliishika. Ilikuwa nyepesi. Ndani kitu kilisogea, kikalia kidogo, kioo kwa kioo.

"Nini hii?"

"Si bangili yenyewe?"

Majenereta yalinguruma. Mama mmoja upande wa kulia aliita, "Dada, hii kaki inachuja?"

"Mmemvua," Chiku alisema.

Eliasi alitazama bahasha, akamtazama yeye. Tabasamu lilibaki usoni, halijui pa kwenda. "Ni utaratibu, dada. Kitu chochote kikipatikana kaburini kinakabidhiwa kwa familia kwa sahihi. Ili kesho watu wasije wakasema kampuni imeiba mali ya marehemu."

"Mngemrudishia tu."

"Lakini wewe ndiye uliyesema tuitafute." Aliongeza haraka, kwa wema, "Hata hivyo si vibaya. Utamvisha huyu anayekuja."

Chiku aliweka sahihi. Aliandika jina lake lote, Chiku Ramadhan, kwa mwandiko mzuri wa shule ya msingi, kila herufi imekaa juu ya mstari. Kisha akasimama pale pale mpaka Eliasi alipoaga na kutoka. Mzee Harilal alikuja taratibu, akaichukua bahasha, akamimina kilichomo kwenye kiganja. Shaba ilikuwa imegeuka kijani. Shanga mbili za dhahabu zilikuwa zimepotea. Aliitambua kazi ya mikono ya Ila, akaifumbata, akageukia ukutani kwenye majora.

"Mimi ndiye niliyekupa akili hiyo," alisema.

"Hapana, Mzee. Mdomo ni wangu."

*

Alifika Feri kabla ya alasiri. Hamis alikuwa amepata barafu siku ile, mapande makubwa, anayavunja kwa nyundo na kuyapanga juu ya vibua. Alimwona mkewe amesimama bila kutafuta pa kukaa, akaweka nyundo chini.

Chiku alinyoosha kiganja chenye bangili.

Hamis alifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, akafuta tena, ndipo akaichukua. Aliigeuza kwenye jua. Alijaribu kuipitisha kwenye vidole vyake viwili kwa pamoja. Ikapita kucha, ikakwama kwenye kiungo cha kwanza.

Alitazama vidole. Muda mrefu alitazama tu, na watu wanampitia na ndoo, na mwanamke wa samaki anamwita, "Hamis, barafu inayeyuka, baba!"

"Alikuwa mdogo hivi?" Hamis aliuliza.

"Na hapo bado ilikuwa inampwaya," Chiku alisema. "Nilikuwa nafunga na uzi, isimtoke."

Hamis alikaa juu ya sanduku lake la barafu. Hakuivua. Aliufunga ule mkono kwa mkono mwingine, akaushikilia kifuani kama mtu aliyejikata, na Chiku akasogea, akasimama kati yake na watu ili wasimwone.